Pumzi inawahi, miguu inachelewa: kwa nyie mnaoanza jogingi hapa Iringa

Kamwene wote, hasa nyie wageni mlioanza kutokea asubuhi mwezi huu, karibuni sana. Nawaandikia mapema kabla hamjafika wiki ya tano, mana mimi nna mwaka wa nne kwenye hizi mbio na nimeona kila kundi jipya linavyokuja. Wiki ya kwanza watu thelathini, wiki ya tatu wamebaki ishirini wana moto balaa, alafu kuanzia wiki ya tano wanaanza kupotea mmoja mmoja, na sio wavivu wanaopotea, wanapotea wale waliokuwa na bidii kuliko wote.

Na mimi nilikuwa hivyohivyo. Kazi yangu ni ushonaji, nakaa kwenye cherehani kuanzia asubuhi mpaka jioni, nimeanza kukimbia nikiwa na miaka 38 na mwili umeshakuwa mzito. Wiki mbili za kwanza nilikuwa sifiki hata nguzo ya tano ya umeme, kifua kinawaka, mate mazito, nikawa nasema hii sio ya umri wangu. Wiki ya nne ghafla pumzi ikafunguka. Yani niliamka siku hiyo nikakimbia kutoka Kihesa nikaona kama nasukumwa, sijasimama popote, nimerudi nyumbani nimekaa kizingitini nacheka mwenyewe. Basi hapo ndo nikaharibu, kutoka siku tatu kwa wiki nikahamia siku sita, nikaongeza na kile kilima cha Ipogolo, nashuka mpaka chini alafu napanda tena kurudi mjini, nikiona watu wanatembea nawapita. Siku kumi na mbili tu. Ugoko wa kulia ukaanza kuuma kwa ndani, kwanza nikianza kukimbia tu, baadae hata nikikanyaga pedeli ya cherehani, mwisho ukawa unauma nimelala. Nilikaa nje miezi mitatu na ukweli nilikaribia kuacha kabisa.

Kitu ambacho hakuna mtu alinambia mwanzo, na ndo sababu ya kuandika yote haya, ni kwamba pumzi na miguu havikui kwa mwendo mmoja. Moyo, damu na misuli vinajifunza haraka, ndani ya wiki chache unaona tofauti. Lakini mifupa, na zile kano zinazoshika msuli kwenye mfupa, vinahitaji miezi, mana kano haipati damu nyingi kama msuli na mfupa unajijenga upya taratibu sana kila ukipata mshindo. Kwahiyo kuna kipindi, kama kuanzia wiki ya nne mpaka mwezi wa tatu au wa nne hivi tangu uanze kukimbia, ambapo kifua kinakwambia twende na mguu bado haujawa tayari, na mguu hauna sauti mpaka umeshaumia. Hicho ndo kipindi kibaya kuliko zile wiki mbili za kukosa hewa ambazo kila mtu anaziogopa.

Kuna mwenzetu kipindi naumwa ugoko alinambia vumilia dada, mbona Akhwari alimaliza. Najua alitaka kunitia moyo, na mimi namheshimu sana mzee John Stephen Akhwari, alianguka akaumia goti kwenye marathoni ya Olimpiki Mexico mwaka 1968, akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, mguu umefungwa bandeji, na akamaliza. Lakini tuelewe alichofanya. Yule alikuwa mkimbiaji aliyeiva, miaka ya mazoezi iko kwenye miguu yake, na ile ilikuwa siku moja ya nchi nzima. Wewe Jumanne asubuhi unapita Mkwawa na ugoko unauma, hakuna nchi inayokusubiri, kuna Alhamisi inakusubiri. Ukisimama Jumanne, Alhamisi unakuja. Ukilazimisha Jumanne unaweza usije mpaka mvua zianze.

Sasa mnafanyaje. Anzeni na kuchanganya, dakika 1 kukimbia, dakika 2 kutembea, rudia mara 8, hiyo ni dakika 24 na inatosha kabisa, siku tatu kwa wiki na kila siku ya kukimbia ifuatiwe na siku ya kupumzika. Wiki inayofuata punguza kidogo kutembea, na kila wiki ya nne usiongeze kitu, punguza, hata kama unajisikia una nguvu, hasa kama unajisikia una nguvu. Wengi wetu tulifika kukimbia nusu saa bila kusimama kwenye wiki ya kumi mpaka kumi na mbili. Wapo waliochukua wiki kumi na sita na saivi wanakimbia kilomita 21 na kitu, ile nusu marathoni, vizuri kuliko mimi.

Na spidi, hapa ndo pagumu kwa sababu ya aibu. Kipimo ni mdomo wako, uwe unaweza kumsimulia mwenzio bei ya nyanya sokoni kuanzia mwanzo mpaka mwisho bila kukatika. Ukianza kujibu mmh, mmh, umezidisha, punguza, na kama kupunguza maana yake ni kutembea basi tembea. Watoto wa shule watakupita na mabegi yao mgongoni, wapite. Kuna mama alikuwa anakimbia na sisi akawa kila akisikia mtu nyuma yake anaongeza, nikamuuliza mama unamkimbia nani, akasema naona aibu wananiona natembea. Nikamwambia mama, anayekuona leo barabarani ana safari yake, akifika kona ameshakusahau. Alipunguza, na mpaka leo yupo.

Alafu mkumbuke tuko juu. Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kila pumzi inaingiza oksijeni pungufu kidogo kuliko ya pwani. Nyie mliohamia kutoka Dar au Tanga msijilinganishe na spidi zenu za kule, mtachoka mapema wiki za kwanza, ni kawaida, mwili unazoea.

Vilima navyo vina siri yake. Kila mtu anaogopa kupanda, ila kinachovunja mguu ni kushuka. Ukipanda unatumia pumzi, ukishuka paja linafanya kazi ya breki, msuli unavutwa huku unakaza, na kila hatua inatua kwa kishindo kikubwa kuliko tambarare. Ndo mana unashuka Ipogolo unajiona bingwa, kesho yake uko sawa, kesho kutwa huwezi kukaa chooni. Kwa miezi mitatu ya kwanza kilima cha Ipogolo mpande kama mnataka, kwa kutembea kwa nguvu, ila kushuka pandeni daladala. Mkishaanza kushuka kwa miguu, hatua fupifupi na za haraka, usitupe mguu mbele.

Kuhusu maumivu, jifunzeni kutofautisha. Uchovu wa misuli uko miguu yote miwili, unakaa siku mbili tatu, ukipasha mwili unalegea, huo sio adui. Ugoko unaouma eneo refu kwa ndani, hapo punguza au pumzika wiki moja mbili. Lakini ukiweza kuweka kidole kimoja mahali pamoja ukasema hapa, na panauma ukikanyaga tu, au panauma usiku, acha kukimbia siku hiyohiyo uende hospitali, mfupa unaweza kuwa umeanza kupata ufa. Msipake dawa ya kuchua mkaendelea. Na wenye presha, sukari, au waliowahi kubanwa na kifua, kamuoneni daktari kabla ya yote, hapo sina mjadala.

Tuje kwenye vitu vya kuvaa, hapa nina maneno mengi mana ndo kazi yangu. Raba ya mtumba sio mbaya, mimi mwenyewe nakimbilia ya mtumba, ila uijue. Iweke juu ya meza uitazame kwa nyuma, kama kisigino kimelala upande iache, mtu wa kwanza ameshaipa mwendo wake. Ikunje, inatakiwa ijikunje pale vidole vinapokunjika, ikijikunja katikati kama chapati iache. Bonyeza soli kwa pembeni na kidole gumba, kama sponji imekauka haibonyei basi imekufa hata kama juu inang'aa. Na mbele ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba, mana mguu unavimba ukikimbia na ukishuka kilima vidole vinagonga, kucha zinakuwa nyeusi. Ikilowa kwenye mvua za masika jaza magazeti ndani uianike kivulini, usiiweke karibu na jiko la mkaa, gundi inaachia.

Nguo za pamba ni nzuri dukani ila zinanyonya jasho zinabaki nalo, zinakuwa nzito zinasugua, na Juni na Julai hapa kwetu jasho likikaa mgongoni na ule upepo, ukisimama tu unatetemeka. Tafuteni kitambaa cha jezi, poliesta nyepesi, kinakauka haraka. Bukta igeuzeni ndani nje, pitisheni mgongo wa kiganja kwenye mshono wa katikati ya mapaja, kama unasikia uzi wa ovaloki unakwaruza mkononi basi kilomita ya sita utaujua vizuri zaidi. Pakeni mafuta ya mgando mapajani, makwapani, na wanaume kwenye chuchu, msione haya, kwenye mbio ndefu panatoka damu. Dada zangu na mama zangu, sidiria ya kawaida haifai, tafuteni ya mazoezi yenye mkanda mpana chini, ivaeni mruke nayo hapohapo dukani mara kumi, kama inapanda juu rudisheni. Wengi wanaacha kukimbia kwa sababu hii na hawasemi.

Chakula sina mengi. Asubuhi ndizi mbivu moja au kikombe cha uji mwepesi nusu saa au saa moja kabla inatosha, kwa mbio fupi hata chai tu. Kande na maharage yawe ya mchana, sio ya usiku wa kuamkia mbio ndefu. Ulanzi, ile pombe ya mianzi, wa Ijumaa na kilomita kumi za Jumamosi haviendi pamoja. Maji kunywa ukiwa na kiu, chini ya saa moja huhitaji kubeba chupa, na kujishindilia lita mbili kwa mpigo nako kuna hatari yake, chumvi ya mwili inashuka.

Saa kumi na moja na nusu bado ni giza totoro, kwahiyo msitoke peke yenu, hasa wanawake, na upande wa kukimbia ni kulia ili muone magari na bodaboda zinazokuja usoni. Vaeni nguo nyeupe au ya kung'aa. Mbwa akitoka usikimbie, simama, tembea taratibu ukimtazama bila kumkazia macho, atarudi kwake.

Mwezi wa tisa 2025 Alphonce Simbu alipochukua dhahabu ya dunia ya marathoni kule Tokyo tulikuwa tunaongelea ule mwisho tu, tofauti ya sehemu tatu za mia za sekunde baada ya kilomita 42 na zaidi, na kweli ulikuwa wa kusisimua. Mimi nilikuwa nawaza tarehe. Olimpiki ya Rio 2016 wa tano, mashindano ya dunia London 2017 shaba, dhahabu 2025. Mtu mwenye kipaji kile amesubiri miaka minane kati ya shaba na dhahabu, na sisi tunataka ugoko uwe chuma kwa wiki nne.

Mkishafikisha miezi minne bila kukosa, na nusu saa inawatoka mnaongea, ndo tutaanza kuwapeleka mbio ndefu za Jumamosi. Tunaongeza kidogokidogo, na siku mkiwa tayari ni kutoka mjini mpaka Kalenga, kilomita kama 15 hivi, kwa mwendo wa bei ya nyanya. Hiyo siku kila mtu abebe sweta ya kuvaa akifika na nauli ya kurudi, iwe kwenye mfuko wa nailoni isilowe jasho, mana kurudi hatukimbii.