Reli ilipewa ardhi. Na kilicho chini yake ni cha nani?

SWALI: Ndugu mhariri, jamaa yangu amenunua shamba Wyoming, Marekani, akaambiwa mafuta na makaa ya mawe yaliyo chini yake si yake, ni ya kampuni iliyorithi haki za reli. Inakuwaje? Na sisi tunaopakana na SGR, reli inaweza kudai dhahabu ya chini ya mashamba yetu?
Msomaji, Misungwi

JIBU: Chanzo ni sheria ya Marekani ya mwaka 1862. Kwa kila maili ya reli, kampuni ilipewa vipande 10 vya ardhi vya ekari 640 kila kimoja. Mwaka 1864 vikawa 20. Vilikuwa vile vya namba witiri. Vya shufwa vilibaki serikalini, ndiyo maana ramani ya kusini mwa Wyoming inafanana na ubao wa drafti.

Ardhi iliyojulikana kuwa na dhahabu haikutolewa, lakini makaa ya mawe na chuma vilitolewa. Mafuta ndiyo yaliyozua kesi. Mwaka 1914 Mahakama ya Juu iliamua kwamba hati ikishatolewa, madini yanayogunduliwa baadaye hayaitengui. Basi kampuni zilipowauzia watu mashamba, mara nyingi ziliandika kwenye hati kuwa madini yanabaki kwao. Sentensi hiyo inamfunga jamaa yako hata kama shamba limeuzwa mara kumi. Aende kwa karani wa kaunti, afuate hati moja baada ya nyingine hadi ile ya kwanza ya serikali. Wengi husoma hati ya mwisho tu, nayo huenda haitaji lolote.

Misungwi, hapana. Kwa Sheria ya Madini ya Tanzania, madini yote ni mali ya Jamhuri, chini ya Rais kama mdhamini. Hati yako, ya kimila au ya miaka 99, haibebi dhahabu. Ya reli vilevile. Huwezi kubakiza usichopewa.

Wa kumwangalia ni mwenye leseni. Leseni ndogo ya uchimbaji hudumu miaka 7, na ni lazima apate ridhaa yako ya maandishi kabla ya kuchimba karibu na nyumba au shamba lililolimwa. Usisaini karatasi isiyotaja fidia ya mazao, miti na majengo, kila kimoja kwa kiasi chake. Na kabla hujamruhusu mtu kufungua duara, yaani shimo la kuchimbia madini, shambani kwako, nenda ofisi ya madini ya mkoa uangalie ramani ya leseni: huenda eneo hilo limeshachukuliwa na mtu mwingine, na hapo wewe na mwenye duara mtakuwa mnachimba bila haki.