Kwenu mnaoanza kliniki ya waya: someni taya kwanza

Madaktari wapya, nawapenda, ila mnanichosha. Juzi tena kesi imeletwa mezani: "Insiza (meno ya mbele ya kukatia) zinakutana ncha kwa ncha, tatizo si kubwa, tupange tu meno." Sefalogramu, eksirei ya kichwa ya ubavuni, iko humo humo kwenye faili, ANB (pembe inayolinganisha taya la juu na la chini) ni hasi 4, yaani la chini limetangulia, na hakuna aliyeigusa.

1. Meno ni hodari wa kufunika kombe. Yamebanwa kati ya ulimi, midomo na mashavu, na yatalala upande wowote ili mradi yakutane. Taya la chini likitangulia, insiza za juu hulala nje kulifuata na za chini huinamia ulimi. Likibaki nyuma, za chini ndizo zinazojitupa mbele. Taya la juu likiwa jembamba, magego yake hutanuka kuelekea shavuni, ya chini yanainama ndani, nawe unaandika "hakuna krosibaiti", yaani hakuna meno ya juu yanayouma ndani ya ya chini, kwa mwandiko mzuri kabisa. Ovajeti, ule umbali wa insiza za juu kutangulia za chini, peke yake haikwambii lolote kuhusu taya.

2. Msiabudu namba. Nyuzi 90 za IMPA (pembe ya insiza za chini na taya lao) alizotuachia Tweed, mmoja wa wakongwe wa fani yetu, hazikutoka kwenye vinywa vya watu wetu, ambao kwa kawaida insiza zao huelekea mbele zaidi. Mgonjwa wa Klasi III, yaani taya la chini limetangulia la juu, mwenye 90 hapa kwetu, huenda meno yake ya chini yameshalala ndani zamani. Mimi 90 ilinidanganya.

Alikuwa kijana wa sekondari, kidevu kimetangulia. Mama yake hakutaka kusikia habari za upasuaji, na mimi nilikuwa na haraka ya kuonekana naweza. Nikang'oa premola (magego madogo) za kwanza za chini, nikazivuta insiza nyuma, nikamvisha raba za Klasi III, vile vimpira vya kuvuta meno ya chini nyuma. Ovajeti ikawa chanya. Wakubwa wakanipongeza. Sefalogramu ya pili, ya kupima ukuaji, sikuipiga. Nadhani niliogopa majibu yake. Kijana akarefuka, na taya likarefuka naye, kama ya wavulana yanavyofanya hata wakikaribia miaka 20. Aliporudi, meno ya chini yalikuwa mbele tena, na safari hii hayakuwa na pa kulala. Ukipitisha kidole kwenye fizi upande wa mdomo, unaihesabu mizizi mmoja mmoja.

Nikampeleka kwa mpasuaji wa taya. Akazigeuzageuza modeli za meno yake, akauliza: "Premola za chini ziko wapi?" Maana kujiandaa kwa upasuaji wa Klasi III, kama kuna kung'oa, kwa kawaida tunang'oa za juu, ili insiza za juu zirudi ndani, za chini tunazisimamisha zitoke nje. Mimi nilikuwa nimefanya kinyume, hatua kwa hatua, kwa ustadi. Ikabidi nafasi nilizozifunga kwa jasho zifunguliwe upya, kwenye mfupa mwembamba kama ule. Kumweleza mama likawa jukumu langu. Hakupaza sauti, aliniita "daktari" mwanzo hadi mwisho. Ningefurahi angenitukana.

3. Kabla hujasema Klasi III, mwambie mgonjwa akunje ncha ya ulimi nyuma kwenye kaakaa, kisha afunge taratibu. Insiza zikigongana halafu taya likateleza mbele, hiyo ni hadithi nyingine, na mara nyingi nyepesi zaidi.

4. Anayekua, usimfungie uamuzi kwa eksirei moja.

5. Mkianza kuyanyoosha meno kwa ajili ya upasuaji, iambieni familia mapema: kidevu kitaonekana kimezidi, na kutafuna kutakuwa kugumu kuliko alivyokuja. Ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu meno yakiacha kuficha, mpasuaji anapata nafasi ya kulisogeza taya kiasi linachohitaji. Rudieni maelezo hayo kila miadi, mbele ya mama. Lazima atatokea shangazi harusini aseme mmemharibu mtoto, na hapo nyinyi hamtakuwepo kujibu.