Ukitoa taarifa ya mtoto anayeumizwa, jina lako litaishia wapi?

Kila ninapozungumza na wazazi au walimu wenzangu kuhusu watoto wanaofanyiwa ukatili majumbani, ni nadra mtu kuniuliza kama jambo lenyewe ni kosa, kwa sababu wengi wanajua kwamba ni kosa. Wanachouliza, mara nyingi kwa sauti ya chini, ni nani atajua kwamba wao ndio waliosema. Nimefundisha shule ya msingi kwa miaka mingi nikiwa pia mwalimu wa ushauri nasaha, na baadaye nikaingia kwenye kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya kata yetu, kwa hiyo swali hilo nimelibeba mwenyewe nikiwa mtoa taarifa na nimelijibu nikiwa mpokeaji. Ninachoweza kusema ni kwamba sheria inamlinda mtoa taarifa kuliko watu wanavyodhani, ila majina mengi huvuja njiani, kabla jalada lolote halijafunguliwa.

Kuhusu sheria nitasema machache. Kwa Tanzania Bara, kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinamtaka kila mwanajamii mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Hakuna mahali kinapokutaka uwe umechunguza na kuthibitisha. Kazi hiyo ni ya afisa ustawi wa jamii na polisi. Mwaka 2015 ikatungwa sheria ya kuwalinda watoa taarifa za uhalifu na mashahidi, na Sheria ya Ushahidi ina kanuni kongwe kwamba polisi halazimishwi kueleza ni wapi alikopata habari kwamba kosa limetendeka. Ulinzi huo ni wa mtu anayesema kwa nia njema. Anayetunga uongo ili kumkomoa jirani waliyegombania mpaka wa kiwanja hana pa kujificha, kwani kumpa mtumishi wa umma taarifa ambayo unajua ni ya uongo ni kosa la jinai.

Tatizo linaanzia kwenye maneno hayo ya «serikali za mitaa». Mtu anayasoma, anatazama nje, anamwona mwenyekiti wa mtaa amekaa barazani kwake, anamfuata. Wako wenyeviti na wajumbe waadilifu, na nimefanya kazi na baadhi yao kwa furaha. Lakini mwenyekiti amezoea kusuluhisha. Akiletewa ugomvi wa mifugo au deni, huwaita mlalamikaji na mlalamikiwa, huwasikiliza, na mambo huisha kwa kupeana mikono. Akilichukua shauri la mtoto kwa mazoea hayohayo, jioni hiyohiyo baba wa mtoto ataitwa na kuambiwa, «Fulani amekuja hapa analalamika.» Hapo siri imekwisha, na mara nyingi hakuna aliyekusudia kumdhuru mtu.

Shinikizo la kumalizana kifamilia nalo lina sababu yake. Adhabu ya kubaka ni kifungo kisichopungua miaka 30, na aliyembaka msichana wa chini ya miaka 10 hufungwa maisha. Mtuhumiwa akiwa ndiye anayelisha ukoo, wazee huona ni heri fidia itolewe na mtoto ahamishiwe kwa shangazi, kisha kinachotafutwa ni mdomo uliotoa habari nje. Nimeona familia ikitumia nguvu kubwa kumsaka «mnoko» kuliko iliyotumia kumfikisha mtoto hospitali. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwamba, ikiwa mtuhumiwa ana undugu, urafiki au deni na uongozi wa mtaa wako, panda ngazi moja juu. Halmashauri nayo ni serikali ya mitaa, na afisa ustawi wa jamii wa kata au wa halmashauri anapokea taarifa bila barua ya mwenyekiti. Unaweza pia kwenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, hata kama si kituo kilicho karibu zaidi na kwenu, au kupiga namba 116 bila malipo. Namba hiyohiyo ndiyo ya simu ya watoto nchini Kenya na Uganda, jambo linalowafaa wanaoishi mipakani.

Kabla hujasema neno, amua unachotaka kati ya mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Unaweza kutoa taarifa bila kujitaja kabisa, au unaweza kumpa afisa jina na simu yako kwa masharti kwamba vibaki kwake. Njia ya kwanza inakupa utulivu, lakini afisa akifika na kukuta mlango umefungwa hatakuwa na mtu wa kumuuliza kama mtoto ameshahamishwa. Mimi hupendelea ya pili, isipokuwa pale mtoa taarifa anapoishi nyumba moja na mtuhumiwa. Ukiichagua, uliza waziwazi, na usione haya: jina langu mnaliandika wapi, nani atalisoma, na mtamwambia nini mlalamikiwa akiuliza nani kasema? Afisa anayeijua kazi yake hatachukizwa na maswali hayo. Akibabaika, au akiita wenzake waje wasikilize, omba faragha, na usipoipata ondoka uende kwingine siku hiyohiyo.

Nasema siku hiyohiyo kwa sababu kuna mambo yasiyosubiri. Mtoto aliyebakwa anatakiwa kuanza dawa za kuzuia maambukizi ya VVU ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza uwezo wa dawa hizo. Hofu ya jina lako iheshimiwe, lakini isile saa hizo. Penye hospitali yenye kituo cha Mkono kwa Mkono, daktari, polisi na ustawi wa jamii hukutana na mtoto mahali pamoja, na idadi ya watu wanaosimuliwa habari yake hupungua sana.

Jambo ambalo hufikiriwa kidogo, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni kwamba maudhui ya taarifa yenyewe yanaweza kukutaja hata kama jina lako halikuandikwa popote. Chukua nyumba ya kupanga ya vyumba sita. Taarifa ikisema mtoto alipigwa kwa waya juzi saa tano usiku akawa analia akiomba maji, mlalamikiwa akisomewa maneno hayo atageukia chumba kinachopakana na chake. Mweleze afisa kila kitu, usimfiche, lakini mwambie pia ni yapi unayajua wewe peke yako na ni yapi yanaonekana na wengine. Kovu la mguuni linaonwa na mwalimu, na kukonda kwa mtoto kunaonwa na muuguzi wa kliniki, huku utoro ukiwa umeandikwa kwenye mahudhurio. Afisa akilijua hilo anaweza kuanzia shuleni au zahanati, na ziara yake ikaonekana imetokana na shughuli za kawaida za maeneo hayo. Katika kamati yetu tulilizoea jambo hili hadi likawa desturi: swali la kwanza tulilojiuliza baada ya kupokea taarifa lilikuwa ni nani mwingine angeweza kuliona jambo hili.

Sitakuficha kwamba usiri una mipaka. Ikiwa wewe ndiye uliyelishuhudia tendo kwa macho, upande wa mashtaka unaweza kukuhitaji mahakamani, na huko mshtakiwa ana haki ya kumjua na kumhoji shahidi. Lakini aliyetoa taarifa si lazima awe shahidi. Sheria ya Ushahidi inaruhusu mahakama kumtia mtu hatiani katika kosa la kujamiiana kwa ushahidi wa mtoto aliyetendewa peke yake, ikiridhika kwamba mtoto huyo anasema kweli. Kesi nyingi husimama kwa maneno ya mtoto na ya daktari, bila jirani aliyepiga simu kuitwa kabisa. Ukiambiwa uandike maelezo polisi, ujue kwamba hapo umeshatoka kwenye kutoa habari na umeingia kwenye ushahidi. Uliza jambo hilo kabla hujatia sahihi.

Kisha kuna mdomo wetu wenyewe. Mtu anaenda ustawi wa jamii kwa kificho, akirudi anamwambia shoga yake mmoja tu, anayeaminika, ambaye naye ana wake mmoja anayeaminika. Wengine huanzia kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, wakituma picha ya mtoto mwenye majeraha ili watu waone uchungu. Hapo umejitaja, umemtahadharisha mtuhumiwa, na umemvua mtoto stara ambayo hatairudisha maisha yake yote. Sina uvumilivu kabisa na picha hizo. Kama una picha inayoweza kusaidia, mpe afisa au polisi, na isipite mkono mwingine.

Walimu wenzangu niwaambie pia kwamba mtoto akianza kwa kusema «mwalimu, niahidi hutamwambia mtu», msimwahidi. Mwambieni kwamba mtawaambia wale tu wanaoweza kumsaidia, na mumtajie ni nani. Mwandike maneno yake kama alivyoyasema, kwenye karatasi inayofungiwa kabatini, wala si kwenye daftari la matukio ambalo kila mwalimu wa zamu hulifungua.

Baada ya siku kadhaa utataka kujua kimeendelea nini. Mpigie afisa yuleyule uliyezungumza naye badala ya kwenda kuuliza mtaani, na usikasirike akikujibu kwa kifupi, kwa sababu siri ya mtoto inamfunga hata mbele yako. Kinachokuhusu kukijua ni kama taarifa ilifanyiwa kazi na kama kuna jambo jipya unalohitaji kuongeza. Na kama vitisho vitaanza, iwe ni ujumbe wa simu, maneno ya kisimani au mwenye nyumba kukutaka uhame ghafla, usivichukulie kuwa sehemu ya shauri la mtoto. Hifadhi ujumbe huo, andika tarehe na maneno yaliyosemwa, ukafungue taarifa yako mwenyewe polisi na kupewa namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako katika kitabu cha polisi, halafu mjulishe yule afisa ili ajue kwamba siri imevuja, na atafute ilikovujia kabla hajampokea mtoa taarifa mwingine.