Maswali yenu: glavu za mabaki ya uzi, gumba lenye shimo na ncha zisizoisha

Haya, maswali yamejaa tena na safari hii karibu wote mmeulizia glavu, naona kila mtu ana mfuko wake wa mabaki umejificha mahali. Najibu yale yanayojirudia. Tuelewane tu majina kwanza: glavu za mfuko ni zile vidole vinne vinakaa pamoja na gumba linakaa peke yake, za vidole wazi ni zile zinazoishia katikati ya vidole. Pleni ni mshono wa kawaida uzi ukiwa nyuma ya sindano, kinyume ni ule uzi unakuwa mbele. Kitanzi ni kila pete moja ya uzi inayokaa kwenye sindano. Twende.

Shikamoo mama. Nina madonge mengi yamebaki kwenye masweta, mengine saizi ya ngumi ya mtoto. Nitajuaje kama yanatosha glavu au nitakwama katikati?

Marahaba mwanangu. Usikisie kwa macho, donge lililobanwa linaonekana dogo na lililolegea linaonekana kubwa, utajidanganya bure. Chukua mzani wa jikoni upime. Kwa uzi wa unene wa kati, ule ambao lebo yake inasema gramu 100 ni kama mita 200 hadi 250 na sindano milimita 4, glavu za vidole wazi za mtu mzima zinakula kama gramu 40 mpaka 60 kwa jozi, za mfuko zinaenda 60 mpaka 80 na zaidi ukitaka sehemu ya kifundo cha mkono iwe ndefu, na za mtoto mdogo hata gramu 30 zinaweza kutosha. Kama lebo ipo unapata na mita kabisa: gramu 100 ni mita 220, wewe umebaki na gramu 35, basi una mita 77.

Halafu gawa kila donge nusu kwa nusu KABLA hujaanza, sio umalize mkono wa kushoto una raha zako ndo ugundue ile bluu imeisha. Nusu hii ya kulia, nusu ile ya kushoto, nusu ikiisha unabadili rangi hapo hapo bila huruma.

Ila hata kabla ya mzani kuna kuchambua, na hapa ndo wengi mnaharibu kwa sababu mnaanza na rangi. Rangi iwe ya mwisho. Kwanza unene, pili aina ya uzi, ndo rangi. Kupima unene bila lebo fanya hivi: chukua uzi wa donge moja uukunje kitanzi, pitisha uzi wa donge la pili ndani ya kitanzi hicho halafu nao ukunje, vuta pande zote mbili ili vishikane, sokota kila upande kisha pitisha vidole taratibu kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Kama vidole havisikii ngazi pale zinapokutana, nyuzi hizo zinaenda pamoja. Ukisikia ngazi, tafuta mwenza mwingine, au chukua nyuzi mbili nyembamba ufume nazo kwa pamoja, nyembamba mbili za soksi zinakaribia kabisa unene wa kati mmoja.

Lebo zilishapotea zamani. Sufu na akriliki nazitofautishaje, maana kwa mkono zote laini?

Moto. Kata kipande cha sentimita 5 tu, kishike kwa kibanio sio kwa vidole, simama kwenye sinki yenye maji, sogeza kwenye kiberiti. Sufu inanuka nywele zilizoungua, inaungua kwa kusitasita na ukitoa moto huwa inazima yenyewe, majivu yake ukiyabonyeza yanasagika. Akriliki inayeyuka, inadondosha na ikipoa inabaki kijidonge kigumu cheusi (usikiguse kikiwa cha moto jamani, kinagandia kwenye ngozi). Pamba inanuka karatasi inayoungua. Uzi mchanganyiko utakuchanganya kidogo, harufu ya nywele ipo na kijidonge kipo, huo uweke na akriliki kwenye kufuma na uufue kama sufu, utakuwa salama pande zote.

Dada naomba kitu rahisi, mi najua kufuma kwenda na kurudi tu, hizo sindano nne nne za kuzunguka zinanitoa jasho.

Vidole wazi ndo zako dada, ni kipande kimoja tu cha pembe nne unakunja na kushona. Pima kwanza mkono kuzunguka vifundo vya vidole, gumba usilihesabu. Tuseme umepata sentimita 19. Glavu inatakiwa iwe ndogo kidogo kuliko mkono ili ishike, toa sentimita moja hivi, unabaki na 18. Sasa kwa uzi wa kati na sindano milimita 4 watu wengi wanapata vitanzi 22 kwa kila sentimita 10, ina maana unahitaji vitanzi 40, ongeza 2 vitakavyomezwa na mshono wa pembeni, anzisha 42. Lakini fuma kipande kidogo cha majaribio kwanza uhesabu vyako, mkono wako sio wangu, kuna mtu anakaza mpaka sindano inalia.

Fuma ribu, ule ufumaji wa mistari unaovutika, sentimita 6: mstari wa kwanza pleni 2, kinyume 2, unaishia na pleni 2, ukirudi unaanza na kinyume 2 kisha pleni 2 mpaka mwisho. Baada ya hapo endelea pleni upande wa mbele na kinyume upande wa nyuma mpaka jumla ifike sentimita 17 hivi, maliza na ribu sentimita 2 na ufunge vitanzi kwa kulegeza, ukikaza juu vidole vitakuwa kama vimefungwa rababendi. Kunja, kingo zikutane. Shona kutoka chini kwenye kifundo kama sentimita 10, acha wazi sentimita 5 za gumba, malizia juu. Lakini kabla ya kushona ivae mkononi ukiwa umebana na pini, kunja ngumi, fungua, shika kikombe. Gumba la kila mtu linakaa pake, ukiona pini zinavutana sogeza tundu juu au chini, hizo sentimita zangu ni za kuanzia tu.

Na ukitaka kumaliza vile vipande vifupi kabisa, geuza kichwa: anzisha vitanzi 40 ambavyo vitakuwa UREFU wa glavu, fuma pleni mistari yote, kila baada ya mistari miwili badili rangi, endelea mpaka kipande kizunguke mkono ukikivuta kidogo. Shona vilevile. Mistari inasimama wima, na mistari miwili haili uzi mwingi, hata kale kadonge ulikotaka kukatupa kanafanya kazi.

Nafuma za mfuko kwa kuzunguka vizuri tu lakini kila nikirudi kufuma gumba panakuwa na tundu pale pembeni, naona mpaka ngozi. Nakosea wapi?

Hujakosea, tundu lipo kwa kila mtu, tofauti ni anayeliziba na asiyeliziba. Sikiliza kwa nini linakuja. Ulipoweka vitanzi vya gumba pembeni kwenye uzi wa akiba ukaendelea na kiganja, kile kitanzi cha mwisho cha gumba na kile cha kwanza cha kiganja vilikuwa majirani, sasa hakuna uzi unaovishika, kila kimoja kinavutwa kwake. Ukirudi na kuanza kufuma gumba kana kwamba hakuna kilichotokea, ule mvutano unabaki tundu.

Kwa hiyo: vitanzi vya gumba virudishe kwenye sindano (kwa mkono wa vitanzi 40 gumba huwa kama theluthi, 13 au 15), unga uzi ukiacha ncha ndefu ya sentimita 20. Fuma vya gumba vyote, ukifika kwenye ule mwanya okota vitanzi 3 au 4 vya ziada. Na hapa angalia unaokota wapi, usiingize sindano kwenye ule uzi uliolegea unaoning'inia katikati, huo ndo unazidisha tundu, ingiza kwenye mguu (yaani upande mmoja) wa kitanzi cha pembeni uliokaza, mmoja wa kushoto, mmoja wa kulia, na hata wa katikati utoke kwenye mguu uliokaza. Raundi inayofuata, kitanzi cha kwanza ulichookota kifume pamoja na jirani yake wa gumba, na cha mwisho vivyo hivyo na jirani wa upande wa pili, vitanzi viwili kuwa kimoja, pale panafungwa. Kikibaki kijitundu, ndo kazi ya ile ncha ya sentimita 20, pitisha kwa sindano ya kushonea ukizungushia tundu kwa ndani, vuta taratibu, lizibe. Ukivuta kwa nguvu patakunjamana, nimekwambia.

Rangi sita ncha kumi na mbili, nachoka. Nipige mafundo tu?

Kwenye blanketi sina neno, kwenye glavu hapana, fundo linakaa juu ya kidole na utalisikia kila ukishika kitu. Kama ni sufu ambayo haijatiwa dawa ya kuifanya ifulike kwa mashine, fanya ya mate: tenganisha nyuzi ndogo za kila ncha, punguza nusu kwa sentimita 5, laza ncha moja juu ya nyingine, lowesha (maji yanatosha kama mate yanakukera) kisha sugua katikati ya viganja haraka mpaka pashike joto. Inashikana inakuwa uzi mmoja. Akriliki haikubali hiyo hata ukisugua mpaka kesho, wala pamba, wala sufu ya mashine. Hizo wewe acha ncha ya sentimita 10 na ile ya zamani uibebe nyuma ya vitanzi unavyofuma, juu, chini, juu, chini, kama vitanzi nane, ukimaliza glavu ni mkasi tu.

Rangi zangu haziendani kabisa. Na nikifuma mistari kwa kuzunguka panakuwa na ngazi pale raundi inapoanzia.

Chagua rangi moja tu uliyonayo ya kutosha iwe kwenye ribu, kwenye gumba na kwenye kumalizia, hizo zingine zipige kelele katikati zinavyotaka, itaonekana umepanga. Ukitaka kujua ipi iko giza na ipi iko wazi piga picha ya madonge kwa simu uigeuze nyeusi na nyeupe, nyekundu na kijani zinazopigana mara nyingi zinatoka kijivu kile kile, kwa hiyo ukichorea maua hayataonekana. Nyekundu iloweke kwanza na kitambaa cheupe, ikichuja utajua mapema.

Ngazi: raundi ya kwanza ya rangi mpya fuma kawaida, raundi ya pili kitanzi cha kwanza usikifume, kihamishe tu. Basi.

Mume wangu anatoka alfajiri na pikipiki, anasema glavu nilizomfumia upepo unapita. Niongeze nini?

Kwanza mpe za mfuko kama kazi yake inaruhusu, vidole vikikaa pamoja vinapashana joto, kila kidole kikiwa chumbani kwake kinapoa peke yake. Kwa pikipiki anahitaji kushika breki, kwa hiyo mtengee kidole cha shahada, wavuvi na wawindaji wa Newfoundland kule Kanada wanafuma hivyo miaka yote, gumba peke yake, shahada peke yake, vitatu pamoja.

Pili, shuka sindano, uzi ule ule wa sindano milimita 4 fuma na sindano 3 au 3.25, kitambaa kinabana. Tatu ni rangi mbili kwa raundi, uzi usiotumika unapita nyuma na unakuwa kama bitana. Ndo zile za Selbu, Norwe, nyeusi na nyeupe zenye ile nyota ya pembe nane, inasemekana binti mmoja anaitwa Marit Emstad ndo alizianzisha mwaka 1857. Nyuzi za nyuma zisivuke vitanzi 5 bila kuzishikiza, la sivyo vidole vinanasa kila akivaa. Lakini nikuambie ukweli dada, kwa upepo wa pikipiki kitambaa chochote cha kufuma kina matundu, avae hizo ndani na za ngozi juu.

Nimefua za sufu na maji ya moto zimekuwa za mwanasesere. Zinarudi?

Hazirudi. Joto, sabuni na kusugua vimeshikanisha nyuzi zote, hapo hamna wa kuzitenganisha. Wakati mwingine maji ya uvuguvugu, usisokote, kunja kwenye taulo ubonyeze, anika ukiwa umelaza. Na zile za akriliki usizipige pasi, zinalegea na hazisimami tena.

Ila usizitupe. Sufu iliyoshikana hivyo haifumuki ukiikata. Chukua mkasi mkali, kata juu pale vidole vinapoanzia na kata ncha ya gumba, una glavu za vidole wazi za mtoto, nzito na za joto kuliko zote ulizowahi kufuma. Ukingo ukitaka upendeze ushonee kwa uzi wa rangi nyingine, hata hako kabaki ka sentimita 60 kanatosha.