Maswali na majibu: Mtoto hataki maji, nifanyeje?

Haya jamani, joto la Dar mnalijua wenyewe, mwezi huu hata feni inapuliza moto, na meseji zangu zimejaa swali la aina moja tu, watoto na maji. Nimechukua machache, nayajibu vile vile ninavyowajibu kina mama tukiwa benchi la kliniki siku ya kupima uzito. Mimi ni nesi, na nyumbani nina watatu wamenifundisha mengine ambayo chuo hawakunifundisha.

Shikamoo dada. Mwanangu ana mwaka na miezi minane, maji hataki kabisa, ukimpa anatema au anayamwaga anachezea. Maziwa ndo anakunywa, hata chupa tano kwa siku. (Mama wa Tabata)

Marahaba mama. Jibu umeshaliandika mwenyewe, hizo chupa tano. Tumbo la mtoto wa umri huo ni dogo, ukishalijaza maziwa maji yataingilia wapi, na ugali je? Maziwa yenyewe sehemu kubwa ni maji kwa hiyo kiu hana, wasiwasi wangu mimi uko kwingine kabisa. Maziwa ya ng'ombe yana madini ya chuma kidogo sana, yakizidi mtoto hali chakula na damu inapungua taratibu bila wewe kujua, nimeshapokea watoto wanene kabisa, mashavu hayo, ukifungua kiganja ni cheupe kama karatasi. Mpunguzie mpaka kama nusu lita kwa siku, na ayanywe baada ya chakula sio kabla.

Alafu hiyo chupa ya chuchu iage, mwaka na miezi minane ni mkubwa huyo. Mpe kikombe kidogo, weka mafunda mawili tu ili hata akimwaga usipate hasira, na wewe kunywa mbele yake. Wangu wa pili nilimnunulia kikombe cha katuni bei mbaya, hakukigusa, lakini glasi ya baba yake ikitua mezani anaivamia. Nikaacha kupambana, maji yake yakawa yanawekwa kwenye glasi ya baba, kikombe cha katuni nikawa nawekea chumvi.

Mtoto wa miaka miwili anywe maji kiasi gani? Nimeambiwa glasi nane.

Glasi nane! Huyo ni mtoto au ngamia? Kuanzia mwaka mmoja mpaka mitatu, ukijumlisha vyote, maji, maziwa, uji, supu, mpaka maji yaliyomo kwenye matunda, inakuja kama lita moja na kikombe kimoja juu yake, haizidi sana hapo. Maji matupu yanaweza kuwa kikombe kimoja mpaka vinne, inategemea na joto na anavyokimbia. Ila mie kuhesabu vikombe sipendi, maana nusu anakunywa nusu anamwagia paka. Hesabu mkojo. Kama pempasi inalowa mara nne, tano, sita kwa siku na mkojo ni mweupe au njano ya kupauka, basi mtoto yuko sawa, muache acheze. Ukiona njano nzito imekolea na inanuka, huyo anadai maji. Na akipitisha masaa sita mpaka nane mchana hajakojoa, hapo usisubiri kesho.

Kingine, watoto hawa kiu wanaisahau. Anacheza, jua linampiga, hawezi kuacha mpira aje kuomba maji. Kwa hiyo mpe wewe, akiamka, akila, akitoka kucheza, akitoka kuoga. Mafunda machache kila saa yanashinda kumshikilia pua umnyweshe glasi nzima, hapo ndipo wanapoanza kuyachukia.

Mama mkwe anampa mjukuu wake chai ya rangi asubuhi na jioni, anasema si ni maji tu hayo. Nimwambieje bila ugomvi? (Tanga)

Wewe usimwambie, nitupie mimi lawama, sema nesi kasema. Majani ya chai yana vitu vinavyozuia mwili kuchukua madini ya chuma kwenye chakula, yaani unahangaika na maharage na mchicha alafu chai inakuja kuvunja kazi yote, na hapo bado hujaweka sukari ya bibi ambayo wote tunajua inavyokuwaga, vijiko vitatu. Lakini bibi naye usimnyang'anye starehe yake ya kukaa na mjukuu kibarazani. Mwachie birika na vikombe, ndani weka maji ya uvuguvugu na jani moja la mchaichai, bila majani ya chai, bila sukari. Wataendelea kunywa "chai" yao na amani itakuwepo.

Wangu maji hapana, ila juisi ya boksi anamaliza yote.

Nani asiyemaliza? Mtoto wa mwaka mmoja mpaka mitatu juisi isizidi mililita 120 kwa siku, hiyo ni nusu kikombe, tena namaanisha juisi halisi ya matunda, na chini ya mwaka asipewe kabisa. Ikizidi inaozesha meno, inashibisha, na wengine inawaharisha. Soda sitaki hata kuijadili. Mpe tunda lenyewe: tikiti limetolewa mbegu, tango, chungwa, vyote vimejaa maji. Uji mwepesi nao unahesabika, na mchuzi wa samaki pia.

Mwanangu ana mwaka na miezi mitatu, toka jana anaharisha. Mama anasema ni meno, nisimpe maji mengi ataharisha zaidi. Nimempa glukosi na dafu. (Mbagala)

Hapa naomba msome wote hata ambao hamna mtoto anayeharisha leo.

Kwanza meno hayaharishi. Ila mtoto anayeota meno fizi zinamuwasha, anaweka kila kitu mdomoni, kandambili, rimoti, mchanga, na uchafu ndio unaomuharisha. Pili, kumnyima maji ndio kosa lenyewe. Kuharisha hakusimami kwa kuwa hujampa maji, maji yanaendelea kutoka mwilini tu, tofauti ni kwamba hakuna yanayoingia, na mtoto mdogo anakauka haraka kuliko sisi.

Glukosi ya unga ni sukari, na sukari nyingi bila chumvi inaweza kuvuta maji kuingia utumbo na kuzidisha kuharisha. Dafu sio baya, akinywa kidogo sawa, lakini chumvi yake ni ndogo, haliwezi kushika nafasi ya ORS, ile pakiti ya unga wa sukari na chumvi unaochanganywa na maji. Nenda duka la dawa sasa hivi nunua pakiti za ORS na vidonge vya zinki. Soma pakiti imeandikwa lita moja au nusu lita, wengi wanakosea hapo, wanamimina nusu pakiti kwenye kikombe kwa kukadiria. Chukua chupa tupu ya maji ya dukani yenye ujazo huo, ioshe, pimia maji safi yaliyochemshwa na kupoa, mimina pakiti yote. Ikipita masaa 24 mwaga, changanya nyingine. Kila akiharisha mpe mililita 50 mpaka 100, robo mpaka nusu kikombe, na akishafika miaka miwili 100 mpaka 200. Akitapika subiri dakika kumi, alafu endelea kwa kijiko taratibu. Zinki mtoto wa umri wake ni miligramu 20 kila siku kwa siku 10 mpaka 14, hata kama amepona siku ya tatu. Anyonye, ale, usimfungishe.

Duka limefungwa usiku? Lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha sio vya mlima. Onja, isiwe na chumvi kuliko machozi. Hiyo ni ya kuvushia mpaka asubuhi.

Najua pakiti tunaidharau kwa sababu ni rahisi, watu wanataka dripu. Mwaka 1971, wakati wa vita ya Bangladesh, kambi ya wakimbizi ya Bangaon upande wa India ilikumbwa na kipindupindu, dripu zikaisha, daktari Dilip Mahalanabis akaamua watu wanyweshwe maji ya sukari na chumvi, na ndugu zao ndio waliokuwa wananywesha. Vifo kutoka kama asilimia 30 vikashuka mpaka chini ya 4. Ndugu tu, na vikombe.

Ila kuna wakati nyumbani hapatoshi. Macho yameingia ndani, analia bila machozi, ukivuta ngozi ya tumbo inarudi taratibu, amelegea hataki kuamka, hawezi kunywa au anatapika kila kitu, au kinyesi kina damu, huyo ni hospitali, usiku huo huo, huku unamnywesha njiani kama anaweza.

Wa kwangu ana miezi mitano, kwa joto hili si nimpe tu maji kidogo?

Hapana mama. Maziwa yako yana maji ya kutosha, mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na wewe ndio unywe maji. Akitimiza miezi sita akianza chakula ndo aanze na mafunda ya maji.

Tunasafiri Dar mpaka Mwanza kwa basi, mke wangu anasema mtoto asinywe maji asije akatusumbua njiani. Ana miaka miwili na nusu. (Baba)

Safari ya zaidi ya kilomita elfu moja, kutwa nzima na ushee, na mtoto hajanywa? Hapana baba. Mvalisheni pempasi hata kama alishaacha, siku moja haimrudishi nyuma. Bebeni maji yenu ya nyumbani, mpeni mafunda mawili matatu kila baada ya muda, na chungwa mmenye kabisa kabla ya kutoka. Pakiti mbili za ORS zikae kwenye mkoba wa mkononi, sio kwenye begi la buti maana hapo hamtalipata mpaka stendi ya Nyegezi, Mwanza. Na konda mwambieni mapema, akisimama Dodoma mtoto ashuke akojoe, muangalie na rangi.