Aliyeuliza kuhusu kaunti ya Finney, Kansas: nimeishi huko miaka sita

Ndugu, umesema uko Columbus, Ohio, na mke na watoto wawili, na binamu yako anayefanya kazi ya nyama kaunti ya Finney anakuita. Umefungua takwimu za kaunti ukakuta watu 38,470 kwenye sensa ya 2020, ukosefu wa ajira mdogo na kipato cha kaya cha kuridhisha. Unauliza kama uhame.

Nilifika Garden City, makao makuu ya kaunti hiyo, mwaka 2016. Miaka miwili nilishika kisu kwenye kiwanda cha nyama, minne iliyofuata niliendesha basi la shule. Takwimu ulizosoma ni sahihi. Ila ukizisoma kama za mji mwingine wowote zitakupoteza, ndiyo maana naandika kwa kirefu.

Anza na idadi ya watu, lakini usiangalie mwaka mmoja. Mwaka 1980 kaunti ilikuwa na watu 23,825. Mwaka 1990 wakafika 33,070, mwaka 2000 wakawa 40,523, halafu 2010 wakashuka hadi 36,776. Sasa tazama majirani: kaunti ya Lane, inayopakana na Finney, ilihesabu watu 1,574 mwaka 2020, na Greeley, upande wa magharibi, watu 1,284. Hiyo ndiyo hali ya sehemu kubwa ya magharibi ya Kansas. Mashine zimechukua kazi za shamba, vijana wakimaliza shule wanaondoka. Finney ilikua wakati wenzake wanapungua kwa sababu moja: Desemba 1980 kampuni ya IBP ilifungua machinjio makubwa karibu na Holcomb, mwendo mfupi kutoka Garden City.

Zamani ng'ombe walisafirishwa kwa treni wakiwa hai hadi miji mikubwa kama Chicago. IBP wao walipeleka machinjio kule kule kwenye mazizi ya kunenepeshea, nyama ikatoka imeshakatwa na kupangwa kwenye maboksi. Magharibi ya Kansas kulikuwa na ng'ombe, mahindi ya kuwalisha, na maji ya chini ya ardhi ya kumwagilia hayo mahindi. Wafanyakazi ndio hawakuwepo, ikabidi watoke nje. Wamexico walikuwa na mizizi ya muda mrefu pale, tangu enzi za reli na kiwanda cha sukari kilichoanza 1906. Wakaja Wavietnamu, kisha watu wa Amerika ya Kati, Waburma, Wasomali. Leo zaidi ya nusu ya wakazi wana asili ya Amerika ya Kilatini. Kwenye basi langu nilikuwa na watoto wa Kisomali ambao wazazi wao walikulia Dadaab, kambi ya wakimbizi ya Kenya, na wananisalimia kwa Kiswahili cha Kenya, na wa familia za Kikongomani zilizopitia kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Siku ya kwanza niliposikia "shikamoo" kutoka kiti cha nyuma nilishindwa kuitikia kwa muda.

Ile kushuka kwa 2010 ina historia yake. Siku ya Krismasi mwaka 2000, kiwanda cha pili cha nyama, cha ConAgra, kiliungua mjini Garden City. Ajira zaidi ya 2,000 zikapotea na hakikufunguliwa tena. Hapo ndipo utaelewa ukosefu wa ajira mdogo unaouona kwenye jedwali. Finney mtu akikosa kazi hakai akahesabiwa. Anapakia gari anakwenda Dodge City, Colorado au Nebraska. Anayebaki ni mwenye kazi. Kwa hiyo asilimia ile haikuahidi kwamba ukiachishwa leo utapata nyingine kesho.

Agosti 2019 nilidhani yatajirudia. Machinjio ya Holcomb, ambayo Tyson waliyapata waliponunua IBP mwaka 2001, yaliwaka moto Ijumaa usiku. Yalikuwa yakichinja ng'ombe karibu 6,000 kwa siku, yakiajiri watu wapatao 3,800. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa na mimi nawaza viti vitakavyokuwa vitupu. Kampuni ikatangaza kuwalipa wafanyakazi wa kudumu saa 40 kwa wiki wakati wa ukarabati, na Desemba kazi ikarudi. Watoto wangu wa basi walibaki. Lakini wiki zile mji mzima ulishika roho mkononi, kuanzia wenye maduka hadi wapangishaji.

Sasa kipato. Kipato cha kaya cha Finney hakipishani sana na cha jimbo zima, na hapo ndipo wengi wanadanganyika. Angalia mstari wa kipato kwa kila mtu, utaona kiko chini sana ya jimbo. Sababu ni kwamba kaya za pale ni kubwa, karibu watu watatu kwa wastani, na nyingi zina mishahara miwili au mitatu chini ya paa moja. Kipato kinachoonekana kizuri ni cha baba shifti ya mchana, mama shifti ya jioni, na labda mdogo wake baba sebuleni. Niliyaona asubuhi: kaka wa miaka kumi anawafunga wadogo zake kamba za viatu kituoni kwa sababu mama amelala saa nane usiku. Ukihama, jipange nani atawapokea watoto kabla hujapiga hesabu ya mshahara.

Kuhusu usalama, sitakuficha. Oktoba 2016, nikiwa mgeni kabisa, wanaume watatu walikamatwa wakipanga kulipua nyumba za kupanga za Garden City walikoishi Wasomali na palipokuwa na msikiti. Walikutwa na hatia 2018 na kufungwa miaka 25 na zaidi kila mmoja. Tuliogopa sana. Vilevile niliona wenyeji wakija kusimama na majirani zao, na miaka yote iliyofuata sikuwahi kutukanwa barabarani.

Kwa muda mrefu, kinachonipa wasiwasi ni maji. Mto Arkansas pale Garden City kwa kawaida ni mchanga mkavu. Kila kitu kinategemea Ogallala, hazina kubwa ya maji iliyo chini ya ardhi, na inavutwa kwa kasi kuliko mvua inavyoirudishia. Bila maji hakuna mahindi, bila mahindi ng'ombe watanenepeshwa kwingine. Haitatokea mwaka ujao, lakini usikimbilie kununua nyumba.

Ushauri wangu: nenda peke yako kwanza, wakati wa baridi, mke aendelee na kazi yake Columbus. Fanya shifti mwezi mzima usikie mikono inavyosema. Wakati huo tafuta nyumba, maana ni chache. Sisi tulikaa miezi minne familia mbili kwenye vyumba viwili. Ukishika mkataba wa pango wenye jina lako, ndipo uwaite.