Nyufa za Mabawa ya Ndege: Maswali ya Wasomaji wa Unguja na Pemba

Wiki mbili zilizopita niligusia, kwa mistari michache tu, ukaguzi wa lazima wa mabawa ya ndege za abiria kwa ajili ya kutafuta nyufa, nikadhani nimemaliza. Barua zilizokuja zimenionesha vyengine. Watu wa visiwani hupanda ndege kama wengine wapandavyo daladala, hasa bahari inapochafuka wakati wa kusi, na maswali yao hayazunguki. Najibu yaliyojirudia zaidi.

Assalaam alaykum, Maalim. Nimesikia kuwa ziko ndege kubwa zilizoonekana na nyufa mabawani na bado zikaachiwa kuruka. Ni kweli, au ni maneno ya barazani? – Msomaji, Wete

Waalaykumu salaam. Ni kweli, wala haikuwa siri. Ndege zenyewe ni Airbus A380, zile za ghorofa mbili. Tarehe 4 Novemba 2010 ndege moja ya aina hiyo, mali ya Qantas, shirika la Australia, ilipasuka injini muda mfupi baada ya kupaa kutoka Singapore. Ilitua salama, na ilipokuwa ikitengenezwa ndipo zilipoonekana nyufa ndogo ambazo hazikutokana na mkasa ule. Zilikuwa kwenye vipande vya aluminiamu vinavyounganisha mbavu za bawa na ngozi yake. Aliyewahi kuona jahazi likiundwa hahitaji mchoro: mbavu ni mataruma, ngozi ni mbao, na vipande hivi ndivyo vinavyoshika taruma na ubao visiachane.

Ndege moja ina takriban vipande 4,000 vya aina hiyo, na mzigo hugawanyika baina yao, kwa hiyo kimoja kikipata ufa jirani zake huchukua sehemu ya kazi yake. Januari 2012 shirika la usalama wa anga la Umoja wa Ulaya liliagiza zikaguliwe ndege 20 ambazo zilikwisha kuruka na kutua zaidi ya mara 1,300. Zilizopindukia mara 1,800 zilipewa siku 4 au safari 14, na zilizobaki zikapewa wiki 6 au safari 84. Matokeo yalikuwa mabaya kuliko ilivyotarajiwa, na Februari agizo likapanuliwa likazihusu ndege zote 68 zilizokuwa kazini wakati huo.

Muda huo wa kuruka kabla ya kukaguliwa haukutolewa kwa huruma. Wahandisi hukadiria ufa hukua kwa kasi gani, kisha hupanga ukaguzi uje mapema, kabla haujafika urefu wa kutisha. Kwa maoni yangu lawama haiko kwenye ruhusa ile, iko kiwandani: aloi (yaani mchanganyiko wa metali) iliyochaguliwa ilikuwa nyepesi na yenye nguvu, lakini rahisi kupasuka kuliko ilivyodhaniwa, na baadhi ya vipande vilivutwa kwa boliti mahali ambapo havikukaa sawasawa, vikaanza maisha yao tayari vimebanwa.

Gari tunaangalia limetengenezwa mwaka gani. Kwa nini bawa lihesabiwe kwa mara za kutua? – Msomaji, Kiembesamaki

Kwa sababu metali huchoshwa na kukunjwa na kukunjuliwa, kama mtu asiye na koleo anavyoukata waya kwa kuupinda huku na huku. Ndege ikiwa chini, mabawa huinama kidogo kwa uzito wake na wa mafuta yaliyomo ndani. Ikipaa, mabawa ndiyo yanayoibeba ndege nzima, hivyo hupinda kwenda juu, na upande wa chini wa bawa huvutwa kwa nguvu. Ikitua, hurudi yalivyokuwa. Kupaa na kutua mara moja ni mkunjo mmoja mkubwa, ambao juu yake huongezeka mikunjo midogo ya mitikisiko ya hewa, na ufa mara nyingi huanzia penye tundu la boliti, kwa kuwa hapo ndipo mvuto unapojikusanya.

Sasa tazama safari zetu. Ndege inayotoka Ulaya kuja hapa huwa angani usiku mzima, na safari ile yote ni kutua mara moja. Ndege ndogo inayokwenda Pemba huruka kwa takriban nusu saa, ikashusha na kupakia, ikarudi. Tuseme inaruka mara nane kwa siku, siku 300 kwa mwaka: hiyo ni mikunjo 2,400, ilhali ile kubwa yenye safari mbili kwa siku haifiki 750. Ndege mbili za umri mmoja si rika moja.

Mfano unaonikaa kichwani ni wa visiwa vyengine. Tarehe 28 Aprili 1988, huko Hawaii, Boeing 737 ya shirika la Aloha ilibambuka sehemu kubwa ya paa ikiwa angani, na mhudumu mmoja akapotea baharini. Rubani aliitua Maui. Ndege hiyo ilikuwa imeruka mara 89,680 ndani ya saa 35,496 tu, yaani wastani wa dakika 24 kwa safari, tena katika hewa ya chumvi inayoleta kutu kwenye maungio. Lililopasuka pale ni kiwiliwili, ambacho hujazwa hewa na kutolewa kila safari, wala halikuwa bawa. Na ndege kama Cessna Caravan tunazozijua hapa hazijazwi hewa kabisa. Hata hivyo safari fupi na upepo wa bahari ni vyetu pia, na ndiyo maana fundi wa visiwani anayeosha chumvi na kuangalia kutu kila wakati anafanya kazi ya ukaguzi wa nyufa, hata kama karatasi yake haisemi hivyo.

Nikikaa dirishani naona bawa linapanda na kushuka. Huo si udhaifu? – Msomaji, Mkoani

Hapana. Bawa limeundwa lipinde. Kabla ya kupewa cheti, bawa la ndege ya abiria hujaribiwa kwa mara moja na nusu ya mzigo mkubwa kabisa linaotarajiwa kuupata katika utumishi wake. La Boeing 787 lilipopimwa hivyo mwaka 2010 ncha yake ilipanda takriban mita 7.6. Bawa lisilotikisika kabisa lingenitia wasiwasi zaidi.

Nani mwenye kuagiza ukaguzi, na amri ya Ulaya inatuhusu nini sisi? – Msomaji, Michenzani

Nchi iliyobuni ndege ndiyo inayotoa agizo, kwa kuwa ndiyo iliyotoa cheti cha aina ile. Chini ya taratibu za Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ule wa usafiri wa anga wa kimataifa, agizo hupelekwa kwa nchi zilizosajili ndege hizo, na kila nchi inawajibika kulifanyia kazi. Kwetu usafiri wa anga ni jambo la Muungano, kwa hiyo msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, ambayo haipaswi kuchanganywa na wanaoendesha kiwanja cha Abeid Amani Karume. Ndege ya kigeni inayotua hapa hufuata nchi iliyoisajili.

Mwanzoni mwa Oktoba 2019, kwa mfano, Marekani iliamuru Boeing 737 za kizazi cha kabla ya kile kipya kiitwacho MAX zikaguliwe kipande kinachounganisha bawa na kiwiliwili, ambacho mafundi wa huko wamekibatiza jina la uma wa achari kwa umbo lake. (Achari hapa kila nyumba ina yake, lakini uma wa kuilia sijauona.) Ndege zilizofikisha safari 30,000 zilipewa siku 7, na za kuanzia 22,600 zikapewa safari 1,000. Kipande kilichotarajiwa kudumu safari 90,000 kilikutwa na nyufa katika takriban ndege 5 kwa kila 100 zilizokaguliwa mwanzoni, na hizo ziliwekwa chini.

Ufa uliomo ndani ya bawa unaonekanaje? – Msomaji, Chake Chake

Kwa taabu. Ndani ya bawa la ndege kubwa ndimo yalimo mafuta, kwa hiyo kwanza hutolewa mafuta, kisha hupitishwa hewa hadi mvuke uishe, ndipo fundi aingie kwa kutambaa na taa. Ukaguzi wa kwanza wa A380 ulikuwa wa macho. Wa pili ulitumia kifaa kinachopitisha mkondo wa umeme katika metali, na penye ufa mkondo hukatika njia na sindano ikacheza. Ziko pia njia za mawimbi ya sauti, na ya rangi inayopakwa, ikapenya ndani ya ufa, kisha ikajitokeza baada ya uso kufutwa.

Kwa nini ufa usizibwe tu? – Msomaji, Makunduchi

Methali yetu ya kuziba ufa ni ya ukuta. Ufa wa bawa ukizibwa huwa umefichwa, na chini ya rangi unaendelea kukua. Sehemu zisizobeba mzigo mkuu huweza kutobolewa tundu dogo kwenye ncha ya ufa ili mvuto usambae na ufa usimame kwa muda. Sehemu kuu hubadilishwa, au huimarishwa kwa namna iliyoidhinishwa.

Mimi si fundi. Nikiona mstari kama ufa kwenye ndege, niseme au nitachekwa? – Msomaji, Mwanakwerekwe

Sema. Mara nyingi utaambiwa ni maungio ya bati au rangi iliyobanduka, na huenda rubani akatabasamu. Katika ile ndege ya Hawaii, abiria mmoja alipokuwa akipanda aliuona ufa kwenye mstari wa ribiti karibu na mlango, akaingia akakaa kwenye kiti chake, na hakumwambia mtu.